Zile 274,000 za shangazi zilikwenda wapi? (historia ya makato, kutoka Wenela mpaka kadi ya kwenye simu)

Ndugu zangu wa Mbeya, Dar na popote mlipo, mnisamehe kwa ukimya, mwezi mzima nimekuwa zamu ya usiku, na mtu akitoka wodini asubuhi hana tena akili ya kuandika. Leo niko mapumziko, chai ipo mezani, na kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu ambalo naona nisipoliandika litaendelea kutuvuruga.

Wengi wenu mnalijua, maana lilifika mpaka kwenye kikao cha familia. Mwaka jana shangazi na wenzake wawili walichanga shilingi 3,000,000 wakampa mdogo wangu aje huku Johannesburg kuchukua mzigo wa nguo kwa ajili ya duka la pale Mwanjelwa. Nauli alijilipia mwenyewe. Hela hakubeba mfukoni, na alifanya vizuri, njia ni ndefu na mipaka ni mingi. Akaiweka kwenye kadi ya programu moja ya malipo ya kwenye simu, hizi zinazokupa kadi ya dola. Akarudi na mzigo, na risiti zote. Risiti zikajumlishwa zikawa randi 17,750. Shangazi akatafuta bei ya randi ya siku zile, akazidisha, akapata kama shilingi 2,637,000. Kwenye kadi zilikuwa zimebaki dola 34, sawa na 88,000 na kitu. Ukijumlisha, pengo ni shilingi 274,000.

Kikaoni mtu mmoja (simtaji, anajijua) akasema hela ya watu haina miguu. Tangu siku ile mdogo wangu hakanyagi kwa shangazi. Michango ya harusi ya binamu ilipoanza, yule aliyekuwa mtunza hazina wetu miaka yote hakuombwa tena. Hakuna aliyemwambia kwa nini.

Mimi nilikuwa naye siku zote mbili alizonunua. Nilisimama naye kwenye ATM. Sasa amenitumia taarifa yote ya kadi, nimekaa nayo na kalamu kama ninavyokaa na chati ya mgonjwa, na hesabu yote nimeipata. Nitaiweka hapa chini. Lakini naomba kwanza mniruhusu nizunguke kidogo, maana makato haya yana ukoo, na sehemu kubwa ya ukoo huo iko hapa hapa katikati ya jiji la Johannesburg, hatua chache kutoka mahali tuliponunua zile nguo.

Mkija siku moja nitawatembeza. Mnashuka basi Park Station, mnateremka kusini, mnavuka mtaa ambao watu wote wanauita Jeppe ingawa jina lake jipya ni Rahima Moosa. Hapo ndipo Waethiopia wana maduka ghorofa juu ya ghorofa. Kuna jengo moja linaitwa Medical Arts, lilikuwa la vyumba vya madaktari zamani. Leo unapanda ngazi unakuta suruali, mablanketi na mikoba mpaka darini. Mimi muuguzi hucheka kila nikipita. Mkiendelea kusini mnafika Main Street na mitaa ya jirani, na hapo mandhari inabadilika: majengo ya mawe ya makampuni ya migodi, na benki kubwa upande wa Simmonds. Dhahabu iligunduliwa hapa 1886, na mji ukaanzishwa mwaka huo huo. Toka mwanzo huu ni mji wa watu kutoka mbali wanaofanya kazi hapa huku wenye kula hela wako kwingine. Na kila hela inapovuka mpaka kuna mtu amekaa katikati.

Babu yetu aliwahi kuwa mmoja wa watu hao, wakubwa mnakumbuka. Alikuja na Wenela miaka ya 1950. Wenela ni jina la midomoni tu, chama chenyewe kiliitwa Witwatersrand Native Labour Association, kilianzishwa 1900 na wenye migodi ili kuandikisha vibarua kutoka nchi za nje kwa pamoja, wasishindane wenyewe kwa wenyewe kwa kupandisha mishahara. Waliandikisha Msumbiji zaidi kuliko kote, Nyasaland (Malawi ya leo), na pia kwetu, vijana wa Rungwe wakiwamo. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, serikali ya Mwalimu iliufunga mlango huo. Malawi waliendelea mpaka Aprili 1974, ndege ya Wenela ilipoanguka karibu na Francistown, Botswana, baada ya kujazwa mafuta yasiyo yake. Walikufa watu 78, wengi wao wachimbaji wa Malawi waliokuwa wanarudi nyumbani. Rais Banda akasimamisha uandikishaji.

Enzi za babu kubadilisha hela lilikuwa jambo jepesi ukilinganisha na leo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa 20 kwa pauni moja. Randi ilipozaliwa Februari 1961 ilikuwa 2 kwa pauni moja. Maana yake randi moja ilikuwa shilingi 10 kamili! Leo ni karibu 150. Hiyo ni habari nyingine ya kulia siku nyingine.

Nataka tukae kidogo na wenzetu wa Msumbiji, maana hadithi yao ndiyo iliyonifumbua macho. Mwaka 1928 serikali ya Afrika Kusini na Ureno, iliyokuwa ikiitawala Msumbiji, ziliwekeana mkataba. Kati ya mambo yaliyomo, sehemu ya mshahara wa mchimbaji asiupate huku. Uzuiliwe, aukute kwao akimaliza mkataba. Kwa juu juu ni wazo zuri, kijana asimalize hela kwenye pombe za mjini. Lakini Pretoria ilikuja kuwalipa Wareno sehemu ile iliyozuiwa kwa dhahabu, na dhahabu hiyo ikihesabiwa kwa bei rasmi ya serikali.

Bei rasmi ilikuwa dola 35 kwa wakia, na kwa miaka mingi haikuwa na tatizo kwa sababu bei ya sokoni ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka 1968 dunia ikagawanya bei mbili: ile rasmi ya kati ya serikali na serikali, na ile ya sokoni. Ya sokoni ikapanda. Kufikia mwisho wa 1974 ilikuwa imepita dola 150, wakati ile rasmi ilikuwa dola 42 na senti. Sasa fikirieni. Mchimbaji amefanya kazi chini ya ardhi, mshahara wake uliozuiwa umefika, tuseme, dola 42. Pretoria inaipa Lisbon wakia moja ya dhahabu. Lisbon inaweza kuiuza sokoni kwa dola 150 na zaidi. Mchimbaji akifika kwao anapewa eskudo za thamani ya dola 42. Amelipwa mshahara wake wote kama ulivyoandikwa kwenye karatasi! Hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa makato. Angesimama kwenye kikao gani kulalamika, na aonyeshe karatasi gani?

Msumbiji ilipopata uhuru 1975, kukiwa na wachimbaji wake zaidi ya 100,000 huku, faida ile iliendelea kwenda Maputo badala ya Lisbon, mpaka 1978 bei rasmi ya dhahabu ilipofutwa na Afrika Kusini ikaacha mpango huo. Kwa mchimbaji mwenyewe kubadilika kwa bendera hakukuongeza kitu kwenye bahasha.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo ya mdogo wangu. Yapo makato ya aina mbili. Yale ya wazi yanaandikwa kwenye risiti, na mtu anaweza kuyapigia kelele. Mengine yamefichwa ndani ya bei ya kubadilishia hela, na hayo hayana risiti. Shangazi alitafuta kwenye risiti. Asingeyaona hata angevaa miwani mitatu.

Bei mbili hazikuishia kwenye dhahabu. Baada ya mauaji ya Sharpeville, Machi 1960, wenye mitaji walianza kukimbiza hela zao, na 1961 serikali ya makaburu ikaweka kanuni kali za fedha za kigeni. Baadaye ikawa na randi mbili kabisa: randi ya kawaida, na randi ya kifedha ya wawekezaji wa nje, ya bei ya chini. Hii ya pili ilianza 1979, ikafutwa 1983, ikarudishwa 1985 mabenki ya nje yalipokataa kuendelea kukopesha, na ilikuja kuondoka moja kwa moja Machi 1995, Mandela akiwa rais. Lakini kanuni za 1961 zenyewe hazikufutwa zote. Mpaka leo nikituma hela ya dawa za mama, kampuni inayotuma lazima iwe na kibali na itoe taarifa Benki Kuu kwamba hela imekwenda kwa sababu gani. Kila karatasi ya namna hiyo ina gharama yake, na gharama hailipwi na Benki Kuu, inalipwa na mimi. Ndiyo maana kwa miaka mingi takwimu za Benki ya Dunia zimeitaja Afrika Kusini kuwa nchi ya gharama kubwa kuliko zote za kundi la G20 kwa mtu anayetuma hela nje. Ukituma dola 200, zaidi ya asilimia 10 kuliwa njiani si ajabu. Lengo la Umoja wa Mataifa ni asilimia 3 ifikapo 2030. Tuombe uzima.

Na msiniulize kwa nini tusitumie M-Pesa kama watu. M-Pesa ilianza Kenya 2007, kwetu 2008, na huku Vodacom waliileta Agosti 2010 wakishirikiana na benki ya Nedbank. Walitarajia wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Ilifungwa Juni 2016 ikiwa na wateja hai 76,000 tu. Huku watu wengi walikuwa na akaunti za benki tayari, hawakuona inawaongezea nini.

Sasa tuje kwenye kadi. Kadi za kulipia ni za Wamarekani, Diners Club 1950, kisha benki kubwa ya California ikatoa yake 1958, hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Visa 1976. Mtu aliposafiri na kadi, Visa na MasterCard walimbadilishia hela na kuongeza asilimia 1. Iliongezwa kwenye bei yenyewe, kwa hiyo mteja aliona tu jumla kwa dola. Benki nyingi nazo zikaongeza zao, mara nyingi asilimia 2, na ndipo ile asilimia 3 ya nje ikawa kama sheria ya dunia. Watu wakaenda mahakamani. Mwaka 2003 jaji mmoja wa California aliamua dhidi ya Visa na MasterCard kwamba makato yale yalifichwa, ingawa hukumu yake ilikuja kutenguliwa. Kesi nyingine ya kundi la wateja ikamalizwa 2006 kwa makubaliano ya kulipa dola milioni 336. Tangu hapo kwa wenzetu makato hayo yana mstari wake kwenye taarifa ya kadi. Angalau yana jina.

Wakaja vijana wa programu. Waestonia wawili walioishi London, Hinrikus na Käärmann, mmoja alilipwa kwa euro akihitaji pauni, mwenzake kinyume chake, wakawa wanabadilishana wao kwa wao kwa bei ya katikati, ile ambayo benki zenyewe hupeana. Kutoka hapo wakaanzisha TransferWise 2011, leo inaitwa Wise. Revolut ikafuata 2015, na kadi yake. Kenya nao, Safaricom na Visa walitoa kadi ya M-Pesa ya kulipia nje 2022. Ni maendeleo ya kweli, siyakatai. Lakini kila mmoja ana masharti yake madogo madogo, Revolut kwa mfano huongeza kwenye bei wikiendi masoko ya fedha yakiwa yamefungwa. Na programu zilizoiga wazo hilo si zote zinazoiga na ile bei ya katikati.

Haya, shangazi, chukua kalamu. Namba nimezikata kidogo ili zieleweke, lakini ndizo.

Siku mdogo wangu alipoweka hela, dola moja kwa bei ya katikati ilikuwa shilingi 2,600. Programu ilimuuzia kwa 2,680. Hawakuandika ada yoyote, waliandika kwa herufi kubwa kwamba kuweka hela ni bure! Kwa 3,000,000 alipata dola 1,119.40. Kwa bei ya katikati angepata 1,153.85. Dola 34.45 zimeondoka akiwa bado yuko Mbeya sebuleni.

Tukaenda Jeppe. Duka moja la jumla linapokea kadi, tukalipa randi 8,750. Dola ilikuwa randi 17.50, kwa hiyo hizo ni dola 500. Programu ikaongeza asilimia 3.5 ya matumizi ya nje, dola 17.50.

Waliobaki wote walitaka taslimu. Huu ndio uwanja wa ATM, na hapa na mimi nina kosa langu. Alitoa mara tatu, randi 3,000 kila mara, maana hatukutaka kutembea na fungu kubwa mitaa ile. Kwa bei ya katikati randi 3,000 ni dola 171.43. Mashine ikauliza kama anataka akatwe kwa dola, "ujue kiasi kamili sasa hivi", na kitufe cha kukubali kikawaka kijani. Nikamwambia bonyeza, wenye foleni nyuma yetu walikuwa wanaguna. Kumbe ukikubali, mwenye mashine ndiye anayekupangia bei, na akakupangia dola 180. Ungekataa, ungekatwa kwa randi na kadi yako ingebadilisha kwa bei yake, ambayo siku ile ilikuwa nafuu. Programu nayo haikujali kwamba mashine imeshabadilisha. Ilikata asilimia zake 3.5 palepale, dola 6.30, na ada ya kutoa dola 3. Jumla 189.30 kila mara. Hasara 17.87, mara tatu, dola 53.61.

Jumlisha: 34.45 na 17.50 na 53.61. Ni dola 105.56. Zidisha kwa 2,600. Shilingi 274,456.

Hiyo ndiyo ile 274,000, shangazi. Ni asilimia 9 ya mlichochanga, na hakuna hata mia iliyoingia mfukoni kwa mtoto wako. Alikula chipsi zangu, alilala kwangu, na siku ya kuondoka aliniomba randi 200 ya chakula cha njiani kwa sababu hakutaka kugusa zile dola 34 zilizobaki. Nilimpa nikamcheka. Kumbe alikuwa anazilinda ili aje aulizwe ziko wapi zilizobaki.

Mtauliza ingekuwaje. Mzigo ukiwa mkubwa namna ile, angekataa ule ubadilishaji wa mashine mara zote tatu angeokoa dola 26 na senti kadhaa, nimehesabu. Angetoa mara moja badala ya tatu, dola 6 nyingine, ingawa tungekuwa na randi 9,000 mkononi Jeppe na mimi nisingekubali. Zile za kununua dola asingeziepuka kwa programu ile, labda kwa kulinganisha na benki kwanza. Mwaka huu akija tena, tumekubaliana tutalipa maduka yanayopokea kadi kwanza, na kwenye ATM atachagua randi hata wote walioko foleni wagune.

Kama mtamtuma tena.

Taarifa ya kadi nimeichapisha na kuandika pembeni kila hesabu kwa mkono. Mwenzangu wa kazini anakuja Mbeya mwisho wa mwezi, atapita Mwanjelwa kuiacha dukani pamoja na dawa za mama. Shangazi, shikamoo. Najua na wewe uliulizwa na wale wenzako wawili, na hukuwa na cha kuwajibu. Waonyeshe karatasi hiyo.

Mdogo wangu yupo Uyole, namba yake haijabadilika. Saa kumi na mbili naingia zamu.